Foko Lililokatwa Fupi

Kila asubuhi shangazi, ambaye ni muuguzi, alifunga mkoba wake wa bandeji nyuma ya baiskeli na kuwazungukia wagonjwa majumbani. Baiskeli ilikuwa ya milimani, ya miaka mingi, na foko lake la mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, lilikuwa limechoka. Shokapu zilivuja mafuta, na mtikiso wa kila shimo la barabarani ulimpanda shangazi hadi mabegani.

"Injinia," alimwita binti wa kaka yake, aliyekuwa likizoni. "Pima shingo ya fremu, pale bomba la foko linapopita, kabla sijaondoka, kisha nenda dukani ukachague foko jingine."

Jina la Injinia alipewa bwenini, baada ya kufungua redio ya matroni na kuirudisha vizuri kabisa, skrubu tatu zikabaki. Mtu wa cheo kama hicho hahangaiki na tepu ya kupimia. Alifumba jicho moja, akaitazama shingo ya baiskeli, akatangaza, "Tayari, shangazi!"

Dukani alinyoosha kidole kwenye foko la rangi ya dhahabu.

"Hilo bomba lake ni nene chini," fundi alisema. "Haliingii kwenye baiskeli za zamani. Tena halina pa kufungia breki za mpira. Utasimama kwa kitu gani, kwa maombi? Chukua hili jeusi. Bomba limenyooka, na miguu yake ina urefu kama wa lile lenu. Ukiweka refu zaidi, usukani utakupanda kidevuni. Haya, bomba nikate wapi?"

Injinia akaonyesha.

"Umepima kwa tepu?"

"Kwa tepu. Mara mbili." Uongo mmoja haukumtosha.

Msumeno ukalia.

Jioni fundi alikuja kulifunga. Alipotoa foko la zamani, alikuta lina ufa, halifai tena, akalitupa kando. Akaingiza jipya. Bomba likapanda ndani ya shingo, likaishia humohumo. Usukani haukuwa na pa kushika.

"Nani alipima hapa?" fundi aliuliza.

"Labda tepu ina kasoro," Injinia alijibu, akitazama viatu vyake.

Fundi akakuna kichwa. "Lililokatwa silipokei. Mkimpata mwenye fremu ya shingo fupi atakayelinunua, nitawapa lingine."

Siku iliyofuata shangazi alitembea, na Injinia alibeba mkoba. Jua lilikuwa kali. Wagonjwa wawili wa mwisho hawakufikiwa, na mzee mwenye kidonda cha mguu aliwapokea bandeji yake ikiwa imelowa kwa kucheleweshwa.

"Muuguzi, nilidhani umenisahau."

"Nisamehe, baba. Baiskeli imekwama. Tepu ilitudanganya."

Shangazi alisema hivyo bila hila yoyote, kwa kuwa aliamini. Injinia alihisi uso unamwaka. Uongo wake sasa ulikuwa unasemwa na mtu mwaminifu, mbele ya mgonjwa.

"Si tepu," alisema. "Ni mimi. Sikupima kabisa."

Mikono ya shangazi ikasimama juu ya bandeji. Kisha ikaendelea, polepole. Injinia alitamani agombezwe.

Mzee ndiye aliyeuliza. "Hilo foko liko wapi? Binti yangu anasambaza mikate kwa baiskeli ndogo, na la kwake limeganda kama mwiko."

Binti wa mzee alileta baiskeli, na tepu pia. Safari hii Injinia alipiga magoti akapima, akasoma namba kwa sauti, kila mtu akasikia. Shingo ilikuwa fupi. Foko lilimfaa, akalinunua.

Fundi alitimiza ahadi, na kesho yake asubuhi baiskeli ya shangazi ilisimama mlangoni na foko jipya.

"Kutopima ni uvivu, na uvivu nausamehe," shangazi alisema. "Lakini ulipoulizwa, ulisema umepima, na fundi akakata kwa kukuamini. Ndipo bandeji ya mzee ikalowa. Mtu akifanya kazi kwa neno lako, mpe neno la kweli, hata kama ni la aibu."

"Ndiyo, shangazi."

"Vizuri. Wale wagonjwa wawili wa jana nitawafikia mchana. Tangulia ukawaambie kwa nini hawakuniona."

Injinia akaitazama baiskeli kwa matumaini. "Kwa hii?"

"Kwa miguu," shangazi alisema, akapanda, akaondoka.