Kichwa Kilichokataa Posa

Chepkorir huchuma majani chai mapema, kabla jua halijawa kali. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka kapu lijae mgongoni. Mikono yake haina shida. Shida ilikuwa kichwa.

Kichwa chake kilikuwa kikigeuka kidogo upande wa kushoto, kisha kikitikisika bila yeye kutaka. Shingo nayo ilimuuma. Kwenye kituo cha kupimia chai, wengine walisema ni uzito wa kapu. Wengine walisema ni pombe. Chepkorir, ambaye hajawahi kuonja hata busaa! Watu wana midomo.

Kisha ikafika koito ya binti yake Fancy, siku ambayo wazee wa kijana huja kuomba mke. Baba wa Kipchoge, kijana aliyetaka kumwoa Fancy, akauliza kwa heshima, "Na wewe mama, umekubali?"

Kabla Chepkorir hajajibu, kichwa kikaanza: hapana, hapana, hapana. Akashika shavu haraka. Kichwa kikatulia, lakini sasa alionekana ameshika tama kama mtu aliyefiwa.

"Huyu mama anatukataa, tena analeta matanga," mzee mmoja akanong'ona.

Wageni wakaondoka bila kuonja mursik. Maziwa yakabaki kwenye kibuyu.

"Mama, kama hutaki Kipchoge si ungeniambia?" Fancy alilia.

"Mimi nataka!" Chepkorir naye akalia. "Ni hii kichwa haitaki."

Kesho yake jirani yao Nyathira, muuguzi wa kituo cha afya cha Sosiot, alikuja kuchukua maziwa. Akaelezwa yote.

"Mama Fancy, hebu shika shavu," alisema. "Sasa toa mkono."

Kichwa kikaanza tena. Nyathira akavuta kiti.

"Pole sana. Nilikuwa nafikiria ni baridi ya asubuhi. Hii inaweza kuwa ugonjwa inaitwa distonia ya shingo. Ubongo inatuma amri mbaya, misuli inavuta bila wewe kutaka. Wagonjwa wengi wakigusa shavu ama kidevu, inatulia kidogo."

"Si kurogwa?" aliuliza Kiptum, mume wa Chepkorir.

"Hapana, Baba Fancy. Wala si pombe. Na kuna sindano."

"Sindano ya shingo?" Chepkorir alishtuka. "Wacha nikae hivi!"

"Ukae hivi, na Fancy je?" Nyathira alimjibu. "Sindano ni nyembamba. Daktari bingwa wa neva anadunga dawa kwa ile misuli inavuta sana, inalegea. Haimalizi ugonjwa. Baada ya kama miezi tatu nguvu inaisha, unarudi. Shingo inaweza kuwa dhaifu kwa muda. Lakini ukishindwa kumeza ama kupumua, kimbia hospitali."

Chepkorir akakubali, Kiptum akampeleka hospitali ya rufaa. Daktari alimchunguza, akauliza dawa anazotumia, akathibitisha ni distonia. Kisha akamdunga.

Siku za kwanza hakuna kilichobadilika. Chepkorir alinuna. "Nimedungwa bure!"

"Ngoja," alisema Nyathira. "Hata chai ukipogoa leo, huchumi kesho."

Baada ya kama wiki mbili, maumivu yalipungua. Akageuza shingo kumtazama ng'ombe, ikageuka. Akacheka peke yake zizini.

Kiptum akaenda kwa kina Kipchoge kuwaeleza ugonjwa huo. Wazee wakaona aibu, wakakubali kurudi.

Koito ikafanywa tena. Baba yake Kipchoge akamtazama Chepkorir kwa makini. "Mama, umekubali?"

Kichwa cha Chepkorir kilitetemeka kidogo tu. Hakushika shavu. Mikono yake yote miwili ilikuwa imebeba kibuyu, akammiminia mzee mursik.

"Mimi nilikubali kutoka ile siku ya kwanza," alisema. "Leo hata shingo imekubali. Kunywa, mkwe wangu."

Mzee akapokea kikombe, akanywa mpaka kikaisha.