Mng'aro Usafi Haionekani

Simu ya Editha iliita akiwa katikati ya stendi ya Mikumi, ndoo ya sabuni mkono mmoja, mashine ya kufyonza vumbi begani. Mabasi mawili ya Mbeya yalikuwa yameingia kwa mpigo, na wauza mayai na korosho walikuwa wakisukumana chini ya madirisha. Editha aliiweka ndoo chini, akapokea kwa sauti yake ya kazini.

"Haloo, Mng'aro Usafi."

"Dada, nimefika. Mbona sioni ofisi?"

"Umefika wapi, kaka?"

"Hapa simu iliponileta. Kuna nyumba ya bati jekundu. Kuna mama anapepeta mchele, ananiangalia vibaya."

Editha alifumba macho. Huyo alikuwa mama yake mdogo, Mwanakheri, na nyumba hiyo ilikuwa Kilosa mjini, safari nzima ya gari kutoka pale alipokuwa amesimama.

"Kaka, hapo ni Kilosa. Sisi tuko Mikumi."

"Sasa kwa nini mmejiandika Kilosa?" Mteja akakata simu.

Kosa lilikuwa la siku ile alipoiandikisha biashara yake kwenye ramani ya simu. Alikuwa amekwenda kumsalimia mama mdogo, akabonyeza alichoambiwa abonyeze, na simu ikachukua mahali alipokaa. Tangu hapo watu wa Kilosa walikuwa wakimpelekea mama mdogo mazulia, huku wenye nyumba za wageni wa Mikumi, waliomhitaji kweli, wakitafuta wasimwone. Alijaribu kurekebisha mpaka akataka kuitupa simu chini ya lori.

Hakuwa ameirudisha mfukoni alipoteremka kijana mmoja kwenye Kosta ya Kilosa. Alikuwa mrefu, suruali nyeusi iliyonyooka kwa pasi, shati jeupe, shuka nyekundu ameitupia begani. Kwenye bega la pili alibeba zulia lililoviringishwa, na kila alipogeuka lilimgonga mtu.

"Samahani, dada. Namtafuta mtu anaitwa Mng'aro."

"Siyo mtu. Ni biashara. Na ni mimi."

Kijana alilitua zulia miguuni pake kama mzigo wa kuni. "Wewe! Nimezungushwa Kilosa nzima. Mama mmoja kanipa maji, kanipa pole, kaniambia upo Mikumi. Hili zulia la dada yangu limeshatembea kuliko mimi."

"Mimi sikukuita."

"Ramani imeniita."

"Basi kaigombeze ramani!"

Kijana alimtazama, kisha akacheka, na kicheko chake kikamwudhi Editha kuliko zulia. "Dada, hilo ni jambo la kurekebisha tu, kama huna hasira."

"Nina hasira."

"Basi hata ukiwa nayo."

Jina lake lilikuwa Yoeli, mtoto wa Lemayan, mfugaji wa mbugani nje ya Kilosa. Kazi yake ilikuwa kufunga intaneti kwenye nyumba za wageni za Mikumi, na alifika huko karibu kila wiki. Kesho yake mchana alifika kwenye chumba cha kazi cha Editha kando ya barabara kuu, akavuta kiti, akasoma maelezo ya biashara kwa sauti ya mtangazaji.

"'Tunatoa huduma bora za usafi wa kitaalamu kwa viwango vya kimataifa.' Nani anatafuta hivi?"

"Watu wenye akili zao."

"Mwenye nyumba ya wageni, mgeni kamwaga mchuzi kwenye zulia. Anashika simu. Anaandika nini?"

Editha alifikiri. "'Kufua zulia Mikumi.'"

"'Haraka,'" aliongeza Lilian, msichana aliyefanya naye kazi, bila kuacha kukamua matambara.

"Andika hivyo hivyo," alisema Yoeli. "Mtu akutafute kwa maneno yake, siyo kwa maneno yako."

Wakaweka picha za masofa kabla na baada ya kusafishwa. Wakaweka saa za kufungua. Ili ile alama ihamishwe kutoka Kilosa, ramani ilitaka video moja isiyokatwa: barabara, kibao cha biashara, na mwenye biashara akifungua mlango kwa ufunguo wake. Mara ya kwanza lori lilisimama mbele ya kibao. Mara ya pili mbuzi aliingia ndani kabla ya Editha. Mara ya tatu ufunguo ulikwama, na Editha akaitukana kufuli tusi ambalo mama yake hakujua kama analijua.

"Hiyo usiitume!"

"Nimeshaituma, bosi wangu."

"Yoeli!"

Video ilikubaliwa. Simu zikaanza kuita, na safari hii wapigaji walikuwa Mikumi kweli. Yoeli naye akawa anapiga kila jioni, hata siku asizokuwa na la kusema.

"Nani mwenzangu?" Editha alijifanya hamjui.

"Mteja. Nina moyo una doa."

"Tunaloweka kwenye jiki."

"Haa! Na mkono wako mpole namna hiyo?"

"Nani kakwambia mkono wangu mpole, Bwana Ramani? Nenda kalale, umenichosha." Lakini simu hakuikata, na Lilian alipomwona anatabasamu kwenye ndoo ya maji machafu, alijua mambo yameiva.

Kisha akapiga Goodhope, meneja wa kambi mpya ya watalii karibu na hifadhi. Alitaka mtu wa kusafisha vyumba vyake vyote, msimu mzima. "Nimewaona kwenye ramani," alisema. "Wakubwa wangu wa Dar nao watawaangalia, halafu tutaamua."

Kazi hiyo ingemwezesha Editha kuajiri wasichana wengine wawili na kuacha kubeba mashine begani. Hakutaka kuiachia bahati. Jumapili, bila kumwambia Yoeli, alimwomba Vitalis, kiongozi wa kwaya, awazuie waimbaji baada ya ibada. Wote wakaunganisha simu kwenye intaneti ya kanisa, Editha akasimama mbele yao na gauni lake la kitenge cha njano, akawasomea maneno ya kuandika kwenye ramani, chini ya jina la biashara yake: "Huduma nzuri sana, Mungu awabariki." Nyota tano kila mmoja. Wengi wao hawakuwahi kufuliwa hata leso.

Jumanne Mng'aro Usafi haikuonekana. Editha aliandika "kufua zulia Mikumi," akaandika "kusafisha sofa Mikumi," akaandika mpaka jina lake mwenyewe. Hakuna. Wa kwanza kabisa alikuwa Magreti, mama mwenye biashara ya usafi upande wa pili wa mji.

"Dada," alisema Lilian kwa uoga, "jana nilimwona shemeji kwa Magreti. Alikuwa anapiga picha kibao chake."

Yoeli alipoingia mlangoni, alikuta Editha amesimama.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kwa Magreti. Nilikuwa—"

"Unakubali bila hata haya!"

"Edi, subiri kidogo. Na mimi nimeona haipo. Hebu niambie, Jumapili kuna kitu ulifa—"

"Usinizingue, Yoeli! Nimekufungulia biashara yangu yote, umeipeleka kwa Magreti!" Hasira ilimpanda, ikatafuta jiwe la kurusha, ikalipata. "Baba alinionya. Alisema ninyi watu wa ng'ombe mkikaribishwa maji ya kunywa, mnaingiza kundi zima shambani."

Lilian aliacha kukamua. Baba yake Editha, mzee Urbanus, alilima vitunguu Malolo, na mwaka mmoja ng'ombe walilimaliza shamba lake kabla ya kuvuna. Ng'ombe wa nani, hakuna aliyewahi kujua.

Yoeli aliichukua shuka yake kwenye kiti, akaikunja polepole. "Hayo ulikuwa umeyatunza tangu lini?"

Editha akamgeuzia mgongo.

"Kazi njema, Editha," alisema. Hakumwita Edi. Akatoka, na Editha, kwa kuwa bado alikuwa na hasira, akaifungia namba yake.

Alhamisi Goodhope akapiga. "Mbona hamuonekani? Wakubwa wanasema hampo. Samahani, dada, tumempa mama Magreti."

Editha hakumaliza hata kufunga kilemba. Alivuka mji mzima kwa miguu, akamkuta Magreti kibarazani, amevaa dera la zambarau na wigi la mawimbi, anakula muwa. Hasira ilikuwa hasira, lakini yule alikuwa mkubwa kwake.

"Shikamoo, mama. Umeniibia biashara."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Sikai."

"Basi simama, lakini nijibu. Wangapi walikupa nyota?"

Editha alisita. "Kwaya."

"Kwaya nzima?"

"Soprano na alto. Besi waliwahi kuondoka."

"Siku moja? Intaneti moja? Maneno yale yale?"

Editha aliitikia kwa kichwa. Magreti alicheka mpaka wigi likahama. "Pole! Mimi mwaka jana niliutumia ukoo wangu, mpaka bibi yangu asiye na simu alinipa nyota tano. Ramani haidanganyiki kirahisi, mwanangu. Iliniona tapeli, ikanifuta. Kijana wako ndiye juzi kanirudisha, kwa kazi ya haki." Alitema kapi la muwa, akaacha kucheka. "Nilimwambia anipandishe mimi, wewe akushushe. Akaniambia, 'Mama, kwako nitafanya kazi nzuri, lakini kumshusha yule siwezi. Yule ni mtu wangu.'"

Editha alikaa.

"Na usilie kibarazani kwangu, watu watasema nimekupiga," alisema Magreti. "Kule kambini kuna mazulia, na mimi sina mashine. Nitakuita. Sasa nenda kamtafute."

Editha aliifungua ile namba, akapiga. Iliita mpaka ikakata. Akaandika ujumbe, ukasomwa, haukujibiwa. Akaandika mwingine, akaufuta, akajiona mjinga. Kesho yake alivaa gauni lake la njano, akapanda Kosta ya Kilosa. Barabara ilimtikisa, dereva alisimama kwa kila aliyepunga mkono, na abiria wa jirani alimlalia begani njia nzima. Alifika ana vumbi mpaka kwenye kope.

"Yule Mmasai wa zulia?" alisema mama mdogo Mwanakheri. "Yuko sokoni, anamsaidia dada yake kuuza maziwa. Unawe uso kwanza. Hivyo hata mimi nisingekusamehe."

Alimkuta nyuma ya madumu ya maziwa, pamoja na Naserian, dada yake, aliyevaa shanga shingoni na mikononi. Yoeli alimwona, akaendelea kumpimia mteja.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema Editha.

"Umegundua siyo mimi."

"Nimegundua ni kwaya."

"Kwaya?" aliuliza Naserian.

Yoeli aliweka kipimo chini. "Na kama ningekuwa mimi? Kama kweli ningeharibu kazi yako, yale maneno ya ng'ombe yangekuwa halali?"

Editha alikuja na maelezo mengi, na yote yaliishia hapo. "Hapana," alisema. "Yangekuwa mabaya vile vile. Nilitaka kitu cha kukuumiza, nikakiokota mdomoni mwa baba. Naona aibu kukutazama, Yoeli."

"Nilipokuwa shule hapa Kilosa," alisema Yoeli, "kalamu ya mtu ikipotea, begi langu ndilo lilifunguliwa kwanza. Huko nilizoea. Kwako sikutaka kuzoea."

Machozi yalimtoka Editha, na pamoja nayo hasira, safari hii ya kujikasirikia mwenyewe. "Basi niambie nifanye nini! Vitalis nimeshamwambia awaambie wote wafute. Kasema soprano wamenuna, wanasema nyota ikishatolewa kanisani hairudi!"

Yoeli alijitahidi asicheke, akashindwa. "Rufaa kwa wenye ramani nimeshaituma," alisema. "Siku ile ile uliponifukuza."

"Nilikufukuza, ukaenda kunifanyia kazi?"

"Nilikuwa na hasira na wewe. Mng'aro haikunikosea kitu."

Rufaa hiyo ilijibiwa baadaye. Biashara ilirudi kwenye ramani ikiwa tupu, bila nyota hata moja, na Editha akaanza kuzikusanya upya kwa watu aliowafulia kweli. Lakini siku ile sokoni hawakulijua hilo.

"Kuna kitu kimoja unaweza kufanya," alisema Yoeli. "Mpigie baba yako."

"Sasa hivi? Sokoni?"

"Yale maneno ni yake. Nataka kuongea na mwenyewe."

Editha alipiga, akaweka sauti ya nje. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kelele gani hizo?"

"Niko soko la Kilosa. Kuna mtu hapa anataka kukusalimia."

"Shikamoo, mzee," alisema Yoeli. "Naitwa Yoeli, mtoto wa Lemayan. Sisi ni wafugaji. Naomba kumwoa Editha."

"Yoeli! Hata mimi hujaniuliza!"

"Nakuuliza sasa hivi, mzee akisikia."

"Haiulizwi hivyo! Nina vumbi, nalia mbele za watu sokoni, umeshika dumu la maziwa—"

"Unakataa?"

"Nimekubali! Lakini haiulizwi hivyo!"

Sauti ya mzee ikawakatiza kutoka kwenye simu.

"Mnagombana?" aliuliza mzee Urbanus.

"Ndiyo, baba."

"Hmm." Mzee alikohoa. "Huyo Lemayan aje mwenyewe, mchana, aketi kwangu tuzungumze kama watu. Kijana naye nimwone. Na ng'ombe wa mahari wabaki hukohuko kwao, kwanza niongee na majirani zangu."

Simu ikakatika. Naserian akapiga vigelegele, wauza nyanya wakaitikia bila kujua ni vya nini. Editha alimgeukia Yoeli, akaanza kumweleza tena, kwa kirefu, jinsi mwanamke mwenye biashara yake anavyopaswa kuposwa. Alikuwa bado anamgombeza alipogundua kuwa ameushika mkono wake mbele ya soko zima, na hakuwa na mpango wa kuuachia.