Tangazo la Kutomjibu Mchawi

Kumb. Na. 14/82: Kupunguza Kelele za Watazamaji Wakati wa Onyesho la Jumapili Mchana.

Kichwa hicho nilikiandika mwenyewe, nikiwa karani wa ukumbi wa mji, Osogbo. Kamati ilikaa kwa muda wa saa mbili. Kwa saa moja na nusu ilibishana kama ni "kelele" au "makelele".

Filamu yenyewe leo haikumbukwi. Ilikuwa ya kundi la maigizo la Oyedokun, mume wa mama yangu mdogo. Waigizaji wetu wana desturi: apizo husemwa la kweli, ila anayelaaniwa huitwa jina la mchezoni, ili maneno yakose pa kutua. Siku ya kupiga picha Oyedokun, aliyeigiza mchawi, alighafilika, akamwita mkewe, aliyeigiza mlaaniwa, kwa jina lake la nyumbani.

"Abeni, sauti yako iende, isijue njia ya kurudi."

Mkanda wa kupigia picha ulikuwa umebaki kidogo. Hawakurudia.

Na watu wetu wakisikia apizo hujibu, "Ashe!", yaani na iwe hivyo. Filamu ilipoonyeshwa Ibadan walijibu ukumbi mzima, kwa raha zao. Kesho yake Abeni, mwimbaji wa kundi, akaamka sauti inakwaruza. Ilesa wakajibu kwa nguvu zaidi. Alipofika kwangu alikuwa ananong'ona.

"Mwanangu, hapa wakijibu, imekwisha. Wanyamazishe."

"Si muifungie kabatini hiyo filamu?"

"Baba yako mdogo hataki kuamini kwamba ni yeye aliyenifanyia hivi."

Jumapili nikasoma tangazo.

"Karani, kwani mchawi ni shemeji yako?" akadakia muuza vitambaa mmoja. Wakaangua kicheko.

Nikawaambia ukweli, jambo ambalo kamati haikuniruhusu. Kicheko kikafa. Abeni aliwaimbia wengi wao harusini.

Alikaa kando yangu, kanishika mkono. Kwenye pazia la filamu, mchawi akainua pembe yake ya dawa. Akalisema apizo.

Hakuna aliyejibu. Hakuna aliyekohoa.

Pale kwenye pazia, Abeni wa filamuni alipaswa kuanguka. Hakuanguka. Akageuka. Akatutazama, akajibu mwenyewe, "Ashe," kwa ile sauti safi ambayo mama mdogo alikuwa ameipoteza.

Mkono ulionishika ukapoa.

Kwenye kumbukumbu niliandika: "Watazamaji walitulia. Shauri limefungwa." Mkanda ungali stoo. Nimeuendesha tena mara moja, nikauzima. Ilipoonyeshwa Ibadan, jibu lile la Abeni halikuwamo. Sasa limo.

Mama mdogo hajatamka neno tangu siku hiyo.