Ngozi ya Bi Sikudhani

Ngozituru ilipumua. Wanafunzi walikatazwa kusema hivyo. Waliambiwa ilikuwa ikipitisha hewa tu. Lakini Mwanakheri, wa mwaka wa mwisho wa sanaa ya uchoraji, alipoigusa kwa kalamu ya sindano, ngozi ile iliyowambwa kwenye fremu ilisisimka, vinyweleo vikasimama, jasho likaitoka.

Ilikuwa fahari ya chuo. Chembe chache za mwili wa binadamu zilipandwa kwenye ute wa lishe, zikakua zikawa turubai hai, laini, yenye joto, inayolishwa kwa mrija mwembamba. Rangi ikichomwa ndani, damu huifuata, na picha hung'aa kuliko picha yoyote ya kitambaa. Hoteli za Tanga Mpya ziliigombania. Ngozi zilizokosa mnunuzi zilichomolewa mrija na kutupwa nyuma ya karakana, ambako wanafunzi walipita wameziba pua huku wakijadili urembo.

Mwanakheri alikulia kwa mama anayewapaka hina maharusi. Kwao ngozi ina mwenyewe: ukimtekenya anacheka, ukimbana sana anakutukana. Hii ya karakana haikuwa na wa kuulizwa kama inauma. Kila jioni alinawa mpaka viganja vikachubuka, na bado chakula hakikupita.

Akamuuliza Dakta Mchomvu, mkuu wa karakana, ngozi ni ya nani. Dakta akajibu bila kuinua macho kwamba ni ya Bi Sikudhani, yule mama aliyekuwa akiwakalia wanafunzi wamchore, kabla hajaambiwa kuwa hahitajiki tena.

Mwanakheri alimfuata kwake Chumbageni, akamleta karakana siku moja kabla ya utahini. Mama yule alisimama mbele ya fremu zilizojaa ukutani. Akapandisha mkono wa gauni, akaulinganisha mkono wake na ngozi iliyochorwa papai lililopasuliwa.

"Mimi waliniambia ni ya watoto walioungua moto," alisema.

"Nani alikwambia, mama?"

"Huyo Dakta wenu. Akanichanja hapa pajani. Nikamwambia chukua, hata ukitaka zaidi." Alilitazama lile papai kwa muda. "Kumbe mimi ni pambo la baa. Nizikie ngozi yangu, mwanangu. Sisi hata kucha tunazika."

Ngozituru pekee ambayo Mwanakheri angeweza kuizika ni ile aliyopewa yeye kuchorea kazi yake ya mtihani, na bila hiyo hapati shahada. Usiku huo hakulala.

Asubuhi alisimama mbele ya watahini akaeleza yote: watoto walioungua, paja lililochanjwa, uongo. Dakta Mchomvu alivua miwani, akafuta machozi. Mwanakheri akadhani ameeleweka.

"Kisa kizito," Dakta alisema. "Kiandike kwenye kibao, ukitundike chini ya picha. Wageni watalia."

Mtahini mwingine akauliza kama mama mwenyewe anaweza kuja kusimama kando ya picha siku ya maonyesho.

Mwanakheri akachomoa mrija, ute ukamwagikia viatu vya Dakta. Akaikata ngozi kutoka kwenye fremu, akaifunga ndani ya kanga yake, akatoka. Nyuma yake Dakta alikuwa akimwita, kwanza kwa jina, kisha kwa namba ya usajili.

Njia nzima ya kwenda Chumbageni kwa Bi Sikudhani, ngozi ilikuwa bado ina joto, na jasho lake lilipenya kanga likamlowesha ubavu. Kinyaa kilimtetemesha mwili mzima. Akaikumbatia hivyo hivyo.