Baba Haitikii Tena Shikamoo Yangu

Nina miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Gendabi, nauza dawa za mifugo Katesh. Msinionee huruma, nisomeni tu.

Baba yangu ni mzee wa kanisa dogo ambalo sindano ni dhambi, iwe ya mtu au ya ng'ombe. Ukiumwa unaombewa. Ukifa, imani yako ilikuwa haba.

Nikiwa sekondari nilianza kuangalia zizi la jirani. Ng'ombe wake waliochanjwa walipona, wetu walioombewa walikufa... kila mwaka hivyo hivyo. Nani asingejiuliza? Mwisho nikaacha kusali. Baba alininunia, lakini nikimwamkia aliitikia, "Marahaba, mwanangu." Hilo tu ndilo lililobaki kati yetu, na lilinitosha.

Mwaka jana chambavu iliingia kijijini, ule ugonjwa unaovimba paja na kuua ng'ombe aliyenona. Kaka yangu Daudi alinifuata dukani, akanisihi nikachanje ng'ombe wa baba. Baba alikuwa kwenye semina ya Neno la Mungu huko Nangwa. Daudi mwenyewe ndiye aliyewafunga kamba, mimi nikachoma. Nilitaka tumwambie baba pamoja akirudi. Daudi akasema niache, atamwambia yeye.

Ng'ombe wa majirani wengi walikufa. Wetu walipona wote. Baba akaniita kanisani kwenye shukrani, nikaenda, nikiamini Daudi ameshamwambia.

Alisimama mbele za watu, ananitazama. "Huyu binti yangu anasema Mungu hasikii. Haya, ng'ombe wangu wamelindwa na nani?"

Nilielewa kwamba hajui kitu. Kanisa zima limenigeukia... ningesema nini?

"Niliwachanja mimi, baba. Kaka aliwashika."

Daudi akaulizwa. Akainamisha kichwa, akasema hajawahi kuniona zizini. Kaka yangu wa tumbo moja.

Baba alikaa polepole. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Siku hizi nikienda nyumbani nasema, "Shikamoo, baba." Anawafungulia ng'ombe walewale, wamenona kweli, ananipita kama sipo. Daudi anawaswaga nyuma yake. Silii tena, nimekuwa kama gogo.

Sindano siijutii, hata kesho ningechoma. Ila wewe uliyebadilika na bado unajificha, nakuomba, usimtume mtu akusemee kwa mzazi wako. Mwambie mwenyewe, jikoni, mkiwa wawili, kabla hajasimama mbele za watu.

Na ninyi wazazi... mkataeni mtoto kwa yote mnayotaka. Salamu yake muitikie.