Vigae vya Nini?

Mama akisema, "Lete mafuta," Chapuchapu haulizi mafuta gani. Akimwona mama ameinamia kikaango, analeta ya kupikia. Akimwona anamfuta maji mdogo wake aliyetoka kuoga, analeta ya kupaka. Hakosei wala hachelewi, ndiyo maana nyumba nzima ilimbandika jina hilo, na mwenyewe analipenda kuliko lile la shuleni.

Likizo ile alikuwa akimsaidia shangazi yake, mwanaakiolojia, yaani mtu anayechimba ardhi taratibu ili ajue watu wa zamani waliishi vipi. Walikuwa kwenye kiwanja kitakachojengwa zahanati. Kila kilichotoka ardhini kilitiwa kwenye mfuko wenye namba ya shimo lake, kisha Chapuchapu akakiingiza kwenye kompyuta kwa maneno waliyokubaliana wanaakiolojia wote. Shangazi alimsisitizia aandike "kigae cha chungu" au "kigae cha paa", asifupishe. Lakini shimo dogo la kwenye kona lilitoa vigae vya vyungu kibao, mifuko kwa mifuko, na Chapuchapu akaona anajichosha bure. Akaandika "kigae", basi. Si kila mtu anaviona?

Kumbukumbu zikatumwa ofisi ya mambo ya kale. Shangazi aliomba kona ile isiguswe, kwa kuwa aliamini mfinyanzi alikuwa akifanyia kazi yake pale. Baada ya siku chache ofisi ikapiga simu. Walikuwa wamelinganisha kumbukumbu zake na za kiwanja cha jirani kilichochimbwa zamani, ambako vigae vyote vilikuwa vya paa. Basi wakaona kwamba kwenye kona palianguka paa tu, na ujenzi uendelee. Msimamizi wa ujenzi, aliyekuwa amechoka kusubiri, akaagiza tingatinga lije kesho yake asubuhi.

Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Chapuchapu angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemshuku, lakini uso wa shangazi ulimshinda.

"Shangazi, ni mimi. Niliandika kigae tu, sikusema cha nini."

Alijiandaa kugombezwa. Shangazi akavuta pumzi ndefu.

"Asante kwa kuniambia leo, mwanangu. Kesho isingenisaidia kitu."

Wakaifungua mifuko mmoja baada ya mwingine. Bahati nzuri namba zote zilikuwepo. Chapuchapu akasahihisha mstari kwa mstari, polepole mno, hadi shangazi akamtania kwamba sasa itabidi atafutiwe jina jingine. Wakatuma upya kabla giza halijaingia.

Asubuhi tingatinga lilikuwa linanguruma getini simu ilipolia. Kona iachwe, zahanati isogezwe kidogo. Msimamizi alinung'unika weee, kisha akapima mwenyewe na kukubali kwamba nafasi ipo tele.

Shangazi akampa Chapuchapu ashike kigae kimoja chenye alama ya kidole gumba cha mfinyanzi. Akaweka kidole gumba chake pale, kikaenea sawasawa. Alishukuru hata machozi yakamlengalenga.

"Nyumbani unaona kikaango, ndiyo maana hukosei mafuta," shangazi alisema. "Atakayesoma kazi yetu hayupo hapa. Pengine hata hajazaliwa. Na shimo likishachimbwa limekwisha, hana pa kuja kuhakikisha. Atakuwa na maneno yetu tu. Kwa hiyo tumwandikie kwa ukamilifu, kwa maneno yale yale wanayotumia wenzetu wote. Hiyo ndiyo heshima yetu kwake, na kwa huyu mfinyanzi pia."

Jioni mama akaita kutoka jikoni, "Lete mafuta."

Chapuchapu alikuwa uani, hamwoni.

"Ya nini, mama?"

Mama alichungulia dirishani, mwiko mkononi, akamtazama kama mgeni. Kisha akacheka.

"Ya kupikia, mwanangu. Asante kwa kuuliza."