Aliyeitikia Namba Kumi na Moja

Kiongozi wa watalii, ambaye kisiwa kizima kilimwita Kipaza kwa ajili ya mdomo wake, hakuwa na desturi ya kuhesabu watu kwa macho. Kila mgeni alipewa namba asubuhi. Kipaza akiita, mwenyewe huitikia. Macho aliyahifadhi kwa kuona kama vichekesho vyake vimewaingia.

Siku hiyo aliwapandisha mlimani kumi na mmoja. Wa mwisho alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa magoti mabovu, aliyefuatana na mumewe. Karibu na kilele mama akaomba kupumzika. Kipaza akamkalisha juu ya jiwe, akamtania kwamba mlima hauna mpango wa kuhama, akaahidi kumpitia wakirudi. Kisha akawateremsha wengine kwa njia ya mkato, moja kwa moja hadi ufukweni, ambapo hapakuwa na nyayo za mtu.

Alimkumbuka mama yule miguu ikiwa mchangani. Akaanza kuita namba polepole, huku akitafuta uongo wa kusema. Alipofika kumi na moja, akajibiwa.

"Nipo."

Mwalimu alikuwa ameketi kando ya mumewe, nguo zilezile, kofia ileile. Labda ameshuka mwenyewe, Kipaza akajidanganya, kwa magoti yale. Akatoa kichekesho, wakacheka wote. Lakini harufu ya unyevu wa chini ya mawe ikamfikia, na mama yule akacheka kabla kichekesho hakijaisha, akacheka akimtazama yeye tu bila kupepesa, huku mumewe akimlisha papai kipande baada ya kipande, na kila kipande kikipita bila kutafunwa, na Kipaza, bingwa wa maneno, akahisi ulimi umemganda, kwa sababu kusema kulikuwa kukiri kwamba amemtelekeza mtu, na kunyamaza kulikuwa rahisi, rahisi mno, mpaka mama yule akamwinamia sikioni.

"Ukinyamaza, mwanangu, safari imekwisha salama."

Akanyamaza saa mbili nzima. Kisha akamvuta kando yule mzee, mume wa mwalimu, akamweleza yote.

Mzee hakushtuka. "Nilijua tangu aliponishika mkono," alinong'ona. "Hana joto. Nilikuwa nangoja useme wewe kwanza."

"Kwa nini, baba?"

"Huyu hajalalamika hata mara moja."

Wakapanda mlima mbio wao wawili, bila kutazama nyuma. Mwalimu alikuwa palepale, hai, sauti imemkauka kwa kuita. Kutoka kwenye jiwe lile ufukwe wote ulionekana kama uko kiganjani. Hakumjali Kipaza. Alimtazama mumewe.

"Nimewaona. Umemlisha, ukacheka. Mimi hujanichekea hivyo tangu nistaafu."

Kule chini, mwanamke mwenye kofia akainua mkono, akawapungia.

"Haya, niambieni," mwalimu akasema taratibu. "Niteremke, au mnaye tayari?"

Jibu lilikuwa moja, jepesi, hata mtoto angelitoa. Nao wote wawili, Mungu awasamehe, wakachelewa.